Vita vya Jumamosi

Machi 4

Baruti,

Barua hii naiandika nimesimama. Nikikaa, mguu unatikisika wenyewe kama bado unakanyaga cherehani, na meza inacheza. Kwa hiyo nimeilaza karatasi kwenye meza ya kukatia, kati ya chaki na mikono ishirini na minne ya mashati ya shule, na mwenye duka ananitupia jicho la pembeni. Mwache atupe.

Najua nimechelewa kukujibu. Ulipoandika kwamba mnara wa simu huko machimboni umeangushwa na upepo, na kwamba sasa itabidi tuwe watu wa barua kama babu zetu, nilisema haya, kisha nikakaa wiki sita. Nilikuwa na sababu zangu. Tuziache.

Jana Mzee Breki alisimamisha lori lake mbele ya duka, akasema kila wiki anapandisha vyakula kambini kwenu na barua haina uzito. Basi nimekuwekea humu na flashi. Ina filamu mbili mpya za vita, maana najua bila vita huishi. Nimezitazama Jumamosi mchana, kwenye kiti chako. Wewe zitazame Jumamosi yako hapo bwaloni, kisha tugombane kama kawaida.

Ya kwanza ni ya wanajeshi waliopewa kulinda daraja. Makosa yake sikumaliza kuyahesabu. Watu wamelala matopeni siku tisa, wamevuka mto, wamebeba majeruhi, lakini suruali zina mkunjo wa pasi mbele! Na hakuna hata mmoja aliyechanika kwapani. Mtu akirusha guruneti mara tatu tu, mshono wa kwapa unaachia. Muulize yeyote aliyewahi kushona sare. Nilitaka niingie ndani ya televisheni na mkasi wangu.

Ya pili ni ya mpishi wa jeshi anayebaki nyuma na masufuria yake wenzake wakikimbia. Hiyo sisemi kitu. Nataka nikusikie wewe kwanza.

Wifi anakusalimu. Bado anaingia bila kubisha.

Sindano


Machi 9

Sindano wangu,

Bahasha imefika ikiwa na alama ya kidole chako cha chaki. Sijaifuta.

Umesema kweli kuhusu suruali. Mimi nisingeona, lakini tangu umesema sioni kingine. Sasa nisikilize mimi kwenye milipuko, maana hapo ndipo kwangu. Bomu la filamu ni moto, moto, moto, kama mtu kamwaga petroli. Baruti ya kweli haiendi hivyo. Kwanza ardhi inavimba, kama mtu anayevuta pumzi. Halafu vumbi. Halafu mawe. Moto huuoni. Na yule askari anayeruka hewani amenyoosha mikono kama anaogelea, huyo ana kamba kiunoni, nakuapia.

Mpishi nimempenda. Mtu mkimya, hana maneno mengi, kazi yake tu. Amebaki kwa ushujaa. Hakutaka adui ale chakula cha wenzake, ndiyo maana kalimwaga lile sufuria kubwa lote chini. Mwanaume yule.

Hapa kazi ni ile ile. Wamenipa msaidizi mpya wa kutega, tunamwita Kobe, maana haraka kwake ni tusi. Tunatoboa matundu kumi na mawili mwambani, tunashindilia baruti, king'ora kinalia, watu wanajificha, nawasha. Kisha mimi ndiye ninayehesabu. Ikilipuka mara kumi na mbili, naruhusu watu warudi. Ikilipuka mara kumi na moja, hapakanyagi mtu, kwa sababu iliyobaki imelala inasubiri wa kuiamsha. Kobe anahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Namcheka.

Mnara bado uko chini. Sababu zako sizidadisi. Lete nyingine.

Baruti


Machi 18

Baruti,

Mkimya? Mpishi yule ni mkimya?

Mume wangu, mtu anaongea tangu anamenya kiazi cha kwanza mpaka picha inaisha! Anaongea na masufuria. Lile kubwa analiita mama mkwe. Wifi alicheka mpaka akashikilia ukuta. Na hakubaki kwa ushujaa. Anasema mwenyewe, kwa kinywa chake, si chini ya mara tatu, kwamba anamngoja mdogo wake aliyetoka kutafuta kuni na hajarudi. Chakula alikimwaga kwa sababu kiliingia mafuta ya taa, akajilaani pale pale. Huo ushujaa wewe umeuokota wapi?

Wifi amesoma barua yako akiwa nyuma ya bega langu (ndiyo, bila kubisha) akasema, "Huyu hajatazama. Kasimuliwa." Nikamwambia afunge mdomo, kaka yake hawezi kusimuliwa filamu ya vita, labda awe maiti. Lakini neno likishatoka halirudi, nalo limekaa kichwani kama pini iliyosahaulika kwenye nguo: kila nikigeuka, inachoma.

Situlii siku hizi. Nimehamisha kabati kutoka ukuta huu kwenda ule, kisha nikalirudisha. Pazia la sebuleni nimelifumua na kulishona mara mbili, na lilikuwa zima. Mwenye duka ameniambia nina mkono mzuri lakini siku hizi nashona kama ninayefukuzwa.

Niambie tu, ulilala? Kama ulilala sema ulilala. Nitacheka, yatakwisha.

Sindano


Machi 24

Sindano,

Sikulala. Bwalo lina watu sitini na kila mmoja ni mtangazaji. Mmoja anakohoa, mwingine anabishana, wa tatu anaomba chumvi. Kila mtu na macho yake, mimi niliona ushujaa. Kama ni kosa, basi.

Na mwambie dada yangu anitoe kwenye ulimi wake.

Lete filamu nyingine. Hapa Jumamosi ni ndefu.

Baruti


Aprili 2

Baruti wangu,

Haya, yameisha. Sitaki tugombane kwa ajili ya mpishi ambaye hata hatumjui.

Nimekuwekea ya kisima. Hii imetoka juzi tu, kila mtu anaisema. Maadui wawili, kila upande una kiu, kisima ni kimoja. Hawa wanakuja asubuhi, wale jioni, hakuna aliyepanga, na hawapigani pale. Sare, kwa mara ya kwanza, nimeridhika. Mmoja ameshona kiraka cha goti kwa uzi usiofanana, ule mshono wa mwanaume asiyejua kushona, mrefu na umepinda. Aliyeitengeneza filamu ile ana mtu wake anayejua nguo.

Halafu mwishoni, yule bibi anapoteka maji ametupa mgongo, ule wimbo wake! Mimi nimeurudia mara tatu. Niambie umekushikaje.

Sindano


Aprili 8

Sindano,

Hii imenikaa. Kisima kile nimekiota. Hakuna mlipuko hata mmoja katika filamu nzima, wenzangu wakalalamika, wengine wakatoka nje kuvuta sigara, lakini mimi nilibaki mpaka majina yakapita. Kile kiraka nimekiona. Nikajiangalia goti.

Na wimbo wa bibi nao, nisikufiche, ulinishika. Sauti nyembamba, lakini ina mambo ndani.

Tumekuwa na mvua. Alhamisi tulilipua ngazi ya juu ya mwamba kabla haijaanza. Kobe akatokea mafichoni akiwa amekunja vidole, akadai ni kumi na moja. Nikamwambia wewe Kobe, masikio yako nayo yanatembea taratibu, ni kumi na mbili. Tukavutana kidogo, mwisho akakubali, maana fundi ni mimi. Mvua ikashuka, tukahamia chini. Ngazi ya juu watasafisha ikikauka.

Lete nyingine kama hiyo.

Baruti


Aprili 15

Mume wangu,

Hakuna wimbo.

Bibi anateka maji ametupa mgongo na haimbi. Filamu inaisha kimya, kamba ya ndoo inayumba na upepo unavuma, basi. Wimbo nimeutunga mimi. Nilikutegea kama panya, na umeingia mzima mzima, na mkia.

Nilikuwa nimejiambia ukijibu "wimbo gani?" nitajipiga kofi na kukuomba radhi. Badala yake ukaniambia una mambo ndani.

Na lingine. Jana nimemuuliza Mzee Breki kama mnara wa kwenu utainuliwa lini. Akanishangaa. "Mnara gani, mwanangu? Mimi Jumanne nimempigia mke wangu kutoka pale pale kambini, nimekaa kwenye gunia la vitunguu." Nilitabasamu kama mpumbavu, nikamwambia labda nimechanganya.

Basi mnara umesimama. Filamu hutazami, unasimuliwa. Jumamosi zako zina mahali zinapokwenda. Sikuulizi ni wapi. Nakuuliza ni kwa nani.

Sitaki utani. Sitaki milipuko. Usinijibu kama huna jibu.

Mkeo


Aprili 20

Mke wangu,

Hakuna mtu. Jumamosi niko bwaloni, benchi la mbele kabisa, magoti yananusa televisheni. Wenzangu wanadhani ni uchu wa vita. Filamu zote nimezitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Nimezitazama. Sikuzisikia.

Tarehe kumi na moja Januari utambi uliwaka haraka kuliko kawaida. Nilikuwa nyuma ya jiwe, lakini jiwe halikuwa mbali vya kutosha. Niliinuka mzima. Nikajipangusa vumbi, nikacheka, nikaona mdomo wa mwenzangu unafunguka na kufumbika na hautoi kitu. Nikadhani ananitania. Tangu siku ile kichwani mwangu kuna birika linapiga mluzi na hakuna wa kuliepua. Sikio la kushoto limekufa. La kulia linasikia kama mtu anaongea chini ya godoro.

Sikumwambia mtu. Nimejifunza kusoma midomo, si sana, kidogo. Bwaloni naangalia nyuso: wakicheka nacheka, wakinyamaza nanyamaza. King'ora nakijua kwa kuona watu wanakimbia. Milipuko naihesabu kwa nyayo, ardhi inavyotikisika.

Kuhusu simu. Ulinipigia tarehe kumi na saba. Nilipokea kwa furaha, mke wangu, halafu nikasikia nyuki ndani ya chupa. Nikasema vizuri, vizuri, nikakata. Kesho yake nikauangusha mnara.

Ungeniuliza kwa nini. Mpiga baruti kiziwi ni sawa na fundi cherehani kipofu. Angebaki na nini? Lakini si hilo tu. Wewe unakumbuka nilivyokupata? Ulikuwa nyuma ya pazia la kujaribia nguo unamgombeza mteja aliyenenepa na hataki kukiri. Sikuwa nimekuona. Nilisimama pale dukani nikasema moyoni, mwenye sauti hii simwachi. Sasa sauti ile siipati, na nilidhani nikikuambia, ndiyo nitakuwa nimeipoteza kweli.

Nilitaka tuendelee kugombana kuhusu filamu. Kwenye karatasi mimi ni mzima.

Nimekudanganya. Sina la kujitetea.

Baruti


Aprili 23

Nimesoma mara moja tu. Kulia nitalia baadaye, Breki ameshawasha lori, na nimemwambia akiondoka kabla sijamaliza nitamtobolea matairi kwa mkasi.

Rudi kwenye barua yako ya tarehe nane. Umeandika kwa mkono wako kwamba Kobe alihesabu kumi na moja. Wewe ukasema kumi na mbili. Kobe ana masikio. Wewe huna. Umehesabu kwa nyayo, umemshinda kwa cheo, na watu wataenda kusafisha ngazi ile ikikauka. Huku kwetu jua limewaka siku tatu.

Ukimaliza mstari huu usikae. Usitafute maneno. Nenda kwa msimamizi na miguu hiyo hiyo. Ukishindwa kusema, mpe karatasi hii aisome: MUME WANGU HASIKII TANGU JANUARI. MSIPANDE NGAZI YA JUU.

Lipo jingine kati yetu, la siku ile ya simu. Hilo limesubiri miezi mitatu, litasubiri tena. Baruti haisubiri.

Nenda.

Mkeo


Aprili 25

Mke wangu,

Breki alifika saa nne asubuhi. Hakuteremka kwanza kama kawaida yake. Alinyoosha mkono dirishani na barua ndani yake, akanionyesha kwa kidole: soma, hapa hapa. Sijui ulimtishia nini zaidi ya matairi.

Nilisoma nimeegemea mlango wa lori. Nilipofika kwenye neno "nenda" nikatazama juu mlimani. Katapila lilikuwa limeshapanda. Kijiko chake kilikuwa juu, kinashuka, kinachota, kinageuka.

Nilikimbia, nikavua shati, nikalipunga. Dereva alinipungia na yeye, akidhani ni salamu. Nikapita katikati ya mawe, nikasimama mbele ya kile kijiko. Kikasimama hatua mbili kutoka kifuani kwangu. Aliteremka akitukana, nilijua kwa meno. Kisha msimamizi akaja, na wengine nyuma yake, na Kobe.

Nikasema, "Mimi sisikii. Tangu Januari. Hapa zililipuka kumi na moja."

Sijui nilisema kwa sauti gani. Waliniambia baadaye, kwa ishara, kwamba wapishi walitoka jikoni na mikono ya unga.

Msimamizi aliwarudisha wote nyuma. Kobe alichukua ufagio wa mkono, akapiga magoti, akaanza kufagia tundu moja baada ya jingine, taratibu yake ile ninayoicheka. Tundu la tisa lilikuwa zima, limeshindiliwa, utambi wake umekatika. Alama ya meno ya katapila ilikuwa pembeni yake, nafasi iliyobaki ningeifunika kwa kiganja.

Walitega upya wakalilipua. Nilisimama mbali. Niliona ardhi inavimba, halafu vumbi.

Nilitaka Kobe anipige. Nilisimama mbele yake kabisa ili iwe rahisi. Akaokota kijiti, akainama, akaandika vumbini: KUMI NA MOJA. Akakitupa kijiti, akaondoka. Tangu hapo hatuli meza moja.

Msimamizi ameniondoa kwenye baruti. Ameandika kwa daktari wa masikio, na baada ya wiki mbili karatasi zangu zikikamilika narudi nyumbani. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi msimamizi, ningejifukuza kwa teke.

Umejiokolea mume, na wengine umewaokolea ndugu zao, kwa sababu ulisoma barua zangu vizuri kuliko nilivyozitazama filamu zako.

Jingine ni lipi? Nimekaa nalo tangu asubuhi. Niambie.

Baruti


Mei 3

Mume wangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Tatu nimezifutia mafuta ya cherehani.

Tarehe kumi na saba Januari nilikupigia nikiwa hospitali, nimelala, wifi ndiye aliyenishikia simu sikioni. Nilikuwa na mimba. Ya miezi mitatu. Ulipoondoka Desemba nilikuwa nayo na sikukwambia, kwa sababu miaka sita tumengoja, na niliogopa nikiitamka mapema itasikia jina lake na kukimbia. Nilisema nitangoja mpaka mwezi wa nne. Asubuhi ile ikatoka.

Nikakuambia yote mawili kwa pumzi moja. Kwamba ilikuwepo, na kwamba haipo.

Ukasema, "Vizuri sana, mke wangu. Vizuri, vizuri." Ukakata.

Wifi akaniuliza, "Kasemaje?" Nikamwambia, "Kasema pole." Sikutaka dada yako akuone ulivyo. Anaingia bila kubisha, lakini siku ile alilala kwenye kiti cha mbao miguuni pangu, na ndiye aliyenifulia. Mpaka leo anajua ulisema pole.

Nilitoka hospitali nikakuta barua yako ya mnara. Nikaona, huyu mtu kaniambia vizuri, sasa hataki hata nimpigie. Ndizo zile wiki sita. Kisha nikaona nisipokuandikia nitapasuka, na nikikuandikia ukweli nitakutukana. Kwa hiyo nikakutafutia vita. Nikwambie na hili: filamu za vita sizipendi. Sikuwahi kuzipenda, miaka yote saba. Nilikuwa nakaa kwa sababu wewe umekaa. Lakini safari hii zilinifaa. Nilikuwa naweza kugombana na wewe kwa ajili ya suruali na mpishi, bila kutaja ninachogombea.

Ulipoandika kuhusu nyuki ndani ya chupa, nilikuwa nashona mkono wa shati. Niliufunga mkono wote, mwanzo na mwisho, hata ngumi isingepita. Mwenye duka aliuchukua, akaugeuza, akanirudishia.

Sasa najua hukusikia. Kichwa kimeelewa siku ile ile. Moyo bado. Nikiwa natia uzi kwenye sindano, nikiwa nafunga mlango, unasema tu, vizuri, vizuri, kwa sauti yako. Sijui utaacha lini. Nimekwambia ili usije ukafika hapa ukadhani nimenyamaza kwa sababu ya masikio.

Mkeo


Mei 7

Mke wangu,

Nimeisoma nimekaa kwenye kitanda ambacho godoro lake nimeshalikunja. Nimebaki hapo mpaka mtu akaja kunigusa bega, kambi nzima wamekwisha kula.

Sikusikia neno hata moja. Ningeweza kuishia hapo na hakuna ambaye angenilaumu, hata wewe. Lakini nimechoka kukudanganya, na hili likibaki nitakuja nalo nyumbani.

Kabla sijakata, wale nyuki walikatika, wakaja, wakakatika, wakaja. Unavyolia nakujua, hata chini ya godoro. Nilijua unalia. Nikajiambia ni upweke, ni kunikumbuka. Niliogopa kuuliza kuna nini, kwa sababu ungenijibu, na jibu nisingelisikia, na ungejua. Kwa hiyo nikasema vizuri mara ya tatu, nikakata. Masikio yalifanya nusu. Nusu nimeifanya mimi.

Nimehesabu nyuma. Ile asubuhi ya Desemba ulinifunga vifungo vya koti mlangoni, kimoja kimoja, hata cha juu ambacho sikifungi. Nikakuambia unanichelewesha. Sikujua kwamba mlangoni pale tulikuwa watatu.

Pole, mke wangu. Wewe ulishanisemea kwa dada yangu, na mimi sikustahili kusemewa. Sasa nalisema kwa mkono wangu. Pole. Nami nipe pole, kama bado unayo ya kunipa, maana nimefiwa leo.

Jana daktari wa masikio alinipima. La kushoto ametikisa kichwa. La kulia ameandika kwamba huenda likapata nafuu kidogo, na kuna kifaa cha kujaribu. Ameandika "huenda". Nimemuuliza mara mbili aliandika nini, kwa tamaa tu.

Leo asubuhi nilimfuata Kobe kwenye matundu. Nilimwandikia kwenye karatasi kwamba yeye ndiye fundi. Aliisoma taratibu sana, unamjua. Akaikunja akaitia mfukoni. Hakutabasamu, lakini hakuitupa.

Nashuka na Breki safari yake ijayo, tutafika Alhamisi mchana. Usiache kazi kuja kunipokea, nitakuja mwenyewe dukani. Nitasimama mlangoni, na cherehani zote nne zitakuwa zinakwenda na mimi sitasikia hata moja, kwa hiyo usiniite kwa jina, niite kwa mkono. Halafu twende nyumbani, tufunge mlango, dada yangu abishe siku hiyo moja tu. Filamu hatuwashi. Utakaa upande wangu wa kulia uniambie yote upya, tangu ilipokuwepo, mdomo kwenye sikio, taratibu. Mahali nisiposikia nitakwambia sijasikia, nawe utarudia, hata mara kumi.

Mahali nitakaposikia, nitakujibu.

Mumeo